Ramani Ndogo kwenye Tovuti: Mgeni wa Lilongwe Asipotee Tena

Mwezi huu tunaongea jambo la kompyuta, lakini tunawaomba msigeuze ukurasa haraka. Jambo hili linagusa mkate wa nyumbani, na hata yule asiye na simu ya kisasa atapata la kwake huku mbele.

Tuanze na habari iliyotuchekesha, kisha ikatutia wasiwasi.

Kuna kikundi cha akina mama washonaji hapa Dzaleka. Kijana mmoja aliyejifunza kompyuta hapa hapa kambini aliwatengenezea tovuti ndogo: picha za sare za shule, picha za vitenge, bei kwa kwacha na namba ya simu. Chini kabisa aliandika anwani: Kawale, Dzaleka. Tovuti ikazaa matunda. Bwana mmoja wa Lilongwe aliagiza sare sitini, na siku ya kuzichukua akawasha gari akaja. Yaani, alidhani anakuja. Aliandika neno "Kawale" kwenye simu yake, na simu ikampeleka Kawale kweli, lakini ile ya mjini Lilongwe!

Akapiga simu: "Mayi, nimeshafika Kawale, mko wapi?" Mama akajibu: "Sisi tuko hapa hapa Kawale, ingia tu karibu na soko!" Kawale ya mjini nayo ina soko. Basi wakazungushana hivyo karibu nusu saa, huyu anasema yuko sokoni, yule anasema hamuoni, mpaka yuniti zikaisha. Yule bwana alirudi kwake kakasirika, na alikuwa karibu kumpa kazi fundi wa mjini. Bahati nzuri kesho yake alipiga tena. Lakini akina mama walilala vibaya usiku ule, maana kitambaa chote walikuwa wamenunua kwa mkopo.

Asubuhi walikuja kwetu wakauliza: "Ninyi wa gazeti, hakuna namna ya kuweka ramani kwenye hiyo tovuti, ili mtu aguse tu aone njia?"

Namna ipo, na si ngumu. Tulikaa na yule kijana siku tatu, tukakosea mara nyingi, mwisho tukaweza. Tunawaandikia tuliyojifunza ili ninyi msipitie makosa yale yale.

Majina yetu yana mapacha

Kwanza tuseme kwa nini sisi wa Dzaleka tunapotelewa na wageni kuliko watu wengine. Maeneo mengi ya kambi yetu yamepewa majina ya miji na mitaa ya Malawi: Kawale, Likuni, Zomba, Blantyre. Kwetu sisi ni kawaida. Mtoto akisema "ninaenda Blantyre kuteka maji", hakuna anayeshtuka. Lakini mgeni akisikia "tuko Blantyre", anawaza mji ulio zaidi ya kilomita 300 kusini mwa Lilongwe. Simu nayo inawaza vivyo hivyo. Haijui maongezi yetu, inajua herufi tu.

Na jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu 2023. Mwaka ule serikali ya Malawi ilitoa agizo kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka. Familia nyingi zilizokuwa na duka au kinyozi Lilongwe zilijikuta hapa, na wateja wao wakabaki kule. Mteja wa zamani akitaka kukufuata, atauliza swali moja tu: uko wapi sasa? Ukimjibu vizuri, umebaki na mteja. Ukimjibu "njoo tu utauliza watu", umempoteza.

Kambi hii ilifunguliwa 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na sasa tumepita 50,000. Mahali penye watu wengi hivyo, bila majina ya barabara wala namba za nyumba, hata mwenyeji anapotea usiku. Seuze mgeni!

Ramani ya kusukuma kwa kidole

Watu wengine huweka kwenye tovuti picha ya ramani, kama picha ya arusi. Si vibaya, lakini picha haisogei. Sisi tunaongelea ramani ambayo mtu anaisukuma kwa kidole, anaivuta karibu aone vichochoro, anairudisha mbali aone barabara kuu ya M1 inayotoka Lilongwe kwenda kaskazini na njia inayoiacha kuelekea Dowa. Akigusa alama, kidirisha kinafunguka na maneno: "Hapa ndipo tunaposhona. Tunafungua saa mbili asubuhi."

Ukisikia hivyo unafikiri lazima uwe mwanafunzi wa chuo kikuu. Sivyo. Kazi hiyo inafanywa na kitu kinachoitwa programu-jalizi, vijana wetu wanasema plagini. Fikiria cherehani. Mashine ni ile ile, lakini ukitaka kutia zipu unafunga mguu mwingine, ukitaka tundu la kifungo unafunga mwingine tena. Hununui cherehani mpya. Plagini ni ule mguu: tovuti inabaki ile ile, wewe unaongeza kifaa kimoja kinachojua kazi ya ramani.

Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wametutangulia katika kazi hizi. Kenya ilipoingia kwenye vurugu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kikundi cha vijana kilianzisha Ushahidi mwanzoni mwa 2008. Watu walituma habari kwa ujumbe wa simu au kwa intaneti, na kila tukio likaonekana kama alama kwenye ramani. Programu hiyo iliyozaliwa Nairobi ikatumiwa hata Haiti baada ya tetemeko la 2010, na jina likabaki lile lile la Kiswahili. Mwaka 2009, vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao wenyewe, kwa sababu kwenye ramani zilizokuwapo mtaa ule wenye watu wengi ulionekana kama uwanja mtupu. Na Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi na wakazi wa mitaa walichora maeneo yanayofurika mvua ikinyesha, katika mradi wa Ramani Huria. Hawa wote walikuwa watu wa kawaida waliochoka kuishi mahali pasipoonekana.

Hatua tulizofuata

Tovuti ya akina mama imejengwa kwa WordPress, programu ya bure iliyoanza 2003 na inayotumiwa na watu wengi duniani. Kama yako ni hiyo, fuata hivi.

Hatua ya kwanza ni kupata namba za mahali. Kila mahali duniani pana namba mbili: latitudo, inayosema uko umbali gani kaskazini au kusini mwa Ikweta, na longitudo, inayosema uko wapi mashariki au magharibi. Simama mlangoni kwa biashara yako, penye uwazi wa mbingu, washa GPS ya simu na usubiri kidogo itulie. Fungua ramani ya simu, kandamiza kidole juu ya mahali pako bila kuachia, na namba zitatokea. Ziandike kwenye karatasi. Kwa kambi yetu kwa ujumla ni kama -13.66 na 33.87.

Hatua ya pili ni kuweka plagini. Ingia kwenye tovuti kama msimamizi, nenda sehemu ya plagini, tafuta yenye jina Leaflet Map, iweke kisha iwashe. Ziko nyingine nyingi, lakini tulichagua hii kwa sababu ni ya bure na haidai kadi ya benki. Ukitaka kutumia ramani za Google kwa njia ya plagini, tangu 2018 unatakiwa kuwa na akaunti ya malipo yenye kadi, hata kama matumizi yako ni madogo. Wangapi kati yetu wana kadi ya benki?

Hatua ya tatu ni kuandika maneno machache kwenye ukurasa unapotaka ramani itokee. Andika hivi hivi, na mabano yake:

[leaflet-map lat=-13.66 lng=33.87 zoom=15]
[leaflet-marker lat=-13.66 lng=33.87]Karibu kwetu, tunashona sare[/leaflet-marker]

Mstari wa kwanza unaleta ramani. Namba ya mwisho, 15, ni ya ukaribu: ukiweka 6 utaona Malawi yote, ukiweka 17 utaona mapaa. Mstari wa pili unaweka alama na maneno yake. Badilisha namba zetu weka zako, kisha hifadhi. Ni hayo tu!

Ukiona tovuti yako ya bure haikuruhusu kuongeza plagini, usikate tamaa. Kuna uMap, kazi ya wachoraji wa Ufaransa. Unatengeneza ramani yako kule bila malipo, halafu unapewa kiungo cha kumtumia mteja hata kwa WhatsApp. Kwa hiyo hata asiye na tovuti anaweza kuwa na ramani.

Picha yenyewe ya ramani inatoka OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuisahihisha. Kitu kimoja tu wanadai: yale maandishi madogo pembeni yanayotaja jina lao, usiyafute. Na hiyo Leaflet inayofanya ramani isogee ilitengenezwa na Volodymyr Agafonkin, mtu wa Kyiv, ikatolewa 2011. Mwaka 2022 vita vilipofika mjini kwake, kwenye ukurasa wa Leaflet uliwekwa ujumbe kwamba mabomu yanaanguka, na ndugu, marafiki na majirani zake wanatafuta hifadhi. Tuliposoma hayo tulinyamaza kidogo. Kumbe aliyetuchorea njia ya kumleta mgeni kwetu, watu wake nao wameonja njia tunayoijua sisi.

Makosa matatu yaliyotuaibisha

Kosa la kwanza: tulisahau alama ya kutoa. Malawi iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo yetu lazima itanguliwe na alama hiyo. Tuliandika 13.66 bila alama, na cherehani za akina mama zikahamia Sudan, upande wa mji wa Sennar! Mama mmoja alisema: "Jamani, nimeshakimbia mara mbili, msinikimbize ya tatu."

Kosa la pili: tuligeuza namba, tukaweka longitudo mahali pa latitudo. Safari hii biashara ikaangukia baharini, Atlantiki, magharibi ya Moroko. Kumbuka: latitudo kwanza, longitudo baadaye.

Kosa la tatu linawahusu hasa sisi tuliosoma Kongo na Burundi. Shuleni tulifundishwa kuandika 13,66 kwa mkato, kama Wafaransa. Kompyuta hizi zinataka nukta: 13.66. Tulipoweka mkato, alama haikutokea mahali pake, na tulipoteza jioni nzima tukitafuta ubaya ulipo.

Jambo lingine la kujua ni idadi ya tarakimu baada ya nukta. Ukiacha mbili, kama -13.66, unaweza kukosea kwa kilomita moja, yaani mgeni anaishia mashambani. Ukiweka nne, kosa ni kama mita kumi. Ukiweka tano, ni kama mita moja, mlangoni kabisa. Kwa biashara, nne zinatosha.

Usile bando la mteja

Ramani ya namna hii haiji yote kwa pamoja. Inakuja vipande vipande vya mraba, kama vigae vya sakafu, na kila unapoisukuma vipande vipya vinashuka. Kila kipande kinakula bando. Mteja mwenye bando dogo akifungua ukurasa wenye ramani tatu, ataondoka kabla hajaona bei.

Kwa hiyo weka ramani moja tu, kwenye ukurasa wa "Tupo wapi", siyo kila ukurasa. Usiifanye kubwa kuliko kioo cha simu. Na chini yake, siku zote, andika njia kwa maneno ya kawaida, kwa sababu ramani inaweza kukataa lakini maneno hayakatai. Akina mama waliandika hivi: "Tuko kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, kilomita kama 40 kutoka Lilongwe. SIYO Kawale ya mjini. Ukifika kambini mwambie wa kabaza akulete kwa washonaji wa Kawale." Tuliandika kwa Kichewa na Kiingereza pia, maana wateja wengi ni Wamalawi.

Kisichowekwa kwenye ramani

Hapa tunaomba usikivu wa wazazi wote.

Ramani ya washonaji ilipopendeza, vijana walipata moto. Wakasema: tuchore kambi nzima, kila nyumba na jina la familia, ndugu zetu walioko Kanada na Marekani wawe wanaona nyumbani kwa wazazi wao. Wazo lilikuwa zuri masikioni. Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Nyumba ya tano tulimkuta mama mmoja mjane na binti zake. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Hiyo ramani inaonwa na nani?" Tukamjibu kwa furaha: na dunia nzima, mama! Akatutazama, akasema: "Mimi nilikuja hapa ili mtu mmoja asinione. Na yeye si yuko ndani ya hiyo dunia nzima?"

Hatukuwa na jibu. Tulifunga daftari tukarudi, na jioni ile tulifuta nyumba zote tulizokuwa tumeziweka.

Tulikaa tukakubaliana masharti, na leo tunayaweka mbele yenu:

Tunaweka mahali pa wote: soko, kituo cha afya, shule, makanisa na misikiti, mabomba ya maji. Kituo cha afya kinahudumia pia Wamalawi wa vijiji vya jirani, na kukionyesha hakumuumizi mtu.

Tunaweka biashara ya mtu akikubali mwenyewe, baada ya kuelezwa kwamba dunia nzima itaona. Akibadili mawazo, tunaifuta siku ile ile, hatumuulizi sababu. Na anayefanya kazi nyumbani kwake tunamshauri aweke alama kwenye makutano ya njia ya karibu, halafu mteja apige simu.

Hatuweki nyumba ya mtu wala jina la familia. Hatuweki mahali wanapolala watoto walio peke yao au wanawake waliokimbia hatari. Hatuweki picha ya mtoto. Ukitaka ndugu yako wa Kanada ajue nyumba yako, mtumie namba zile mbili kwa simu yake yeye peke yake, siyo kwenye tovuti.

Kijana mmoja alitulalamikia kwamba ramani yetu sasa ina mapengo. Ni kweli, ina mapengo. Kuna watu wanaolala usingizi kwa sababu ya mapengo hayo.

Faida tuliyoiona

Tangu ramani iwekwe, washonaji hawajapata tena mgeni wa kupotelea Kawale ya mjini. Yule bwana wa sare sitini alirudi kuagiza nyingine, akasema kwa utani kwamba sasa anajua Kawale zote mbili. Mtu anayetengeneza simu na kijana kinyozi nao wameomba wawekewe ramani.

Tunafikiria pia Tumaini Festival, iliyoanzishwa hapa 2014 na ndugu yetu Menes La Plume. Imewaleta Dzaleka maelfu ya wageni, wengine wakilala kwenye familia zetu. Mgeni wa namna hiyo akiwa na ramani ya soko na jukwaa mkononi, atatembea na kununua, badala ya kukaa pale gari lilipomwacha.

Kazi ya nyumbani kwa familia

Msio na simu wala tovuti, hamkusahauliwa. Ramani ya kwanza ni ya karatasi. Jumapili hii baada ya chakula, mpe mtoto daftari na penseli, mwambie achore njia kutoka mlangoni hadi shuleni: bomba, mti mkubwa, duka la maandazi, daraja. Msimsahihishe haraka. Mwulize ni wapi anaogopa kupita, na kwa nini. Tulipowajaribu watoto wetu wenyewe, mmoja alichora njia ndefu ya kuzunguka. Ndipo baba yake akajua kwamba njia fupi ina mbwa, na vijana wakubwa wanaowanyang'anya wadogo penseli. Siku hizi baba anamsindikiza.

Kisha mfundisheni kila mtoto kusema anwani yake yote kwa mdomo: jina la eneo, kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa. Asiseme "Kawale" peke yake, wala "Blantyre" peke yake. Siku akipotea Lilongwe, maneno hayo machache yatamrudisha.

Wenye tovuti wanaotaka msaada wa ramani, njooni mtuone siku ya kugawa gazeti, mkiwa na namba zenu mbili kwenye karatasi. Na tafadhali, angalieni kwanza kama alama ya kutoa ipo, tusije tukawahamishia Sudan.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Kaeni salama.